Jiwe la Baba Linarudi na Simoni

Kampaundi ya mgodi, Kitwe
Jumapili, mwezi wa kumi

Dada yangu Tabita,

Kabla hujasoma neno jingine, mpe Mama shikamoo yangu, na umngoje aitikie, maana najua ataitikia kwa sauti kana kwamba nimesimama mlangoni. Akishaitikia, endelea.

Goti lake linaendeleaje? Ulisema linamsumbua asubuhi na kwamba hataki kupakwa dawa kwa sababu inanuka. Mwambie nimesema apakwe, anune akitaka. Na wewe, na shemeji, na wanao? Kahawa ya mibuni ya nyuma ya nyumba imechumwa yote, au mliacha nyingine ikakaukia mtini kwa ajili ya msiba? Huku hakuna mbuni hata mmoja. Kuna vumbi, kuna king'ora, na kuna watu wa kila kabila duniani wanaogombea bomba moja la maji. Mimi nipo, nakula, nalala, naamka.

Aliyekuletea barua hii anaitwa Simoni, mtu wa Isansa. Tumekaa chumba kimoja miaka minne, na sasa mkataba wake umekwisha. Mpe maji, mpe chakula, halafu ndipo umuulize habari, kwa sababu akianza kusimulia husahau kula, kisha baadaye hulalamika njaa. Ana maneno mengi lakini hajawahi kugusa kitu cha mtu. Ndani ya mzigo wake kuna kitu nilichokifunga kwa shati langu la kanisani. Usikifungue bado. Soma kwanza, na usome kwa sauti, Mama asikie.

Barua yako ya msiba ilinikuta kwenye bucha ya kampaundi nimeshika paja la ng'ombe. Nilidhani ni habari za kahawa. Nikaipasua bahasha kwa kisu kilekile cha nyama, nikasoma nimesimama, kwamba Baba ametutoka na mmeshamzika. Sikulia palepale, Dada. Kulikuwa na mama mmoja wa Kibemba anangoja nyama, nikamkatia, nikamfungia, akasema asante. Kisha nikaenda nyuma kwenye mifupa nikalia mpaka mzungu wa bucha akatoka kutazama ni mbwa gani analia. Aliponiona akarudi ndani, akawakatia wateja yeye mwenyewe. Siku ile nilimpenda kwa hilo.

Karatasi ya pili niliisoma kesho yake, na hiyo ndiyo iliyonimaliza. Uliandika kwamba siku ya kunyoa waliofiwa, wazee waliagiza wembe wa Baba na jiwe lake laini la kunolea. Ukapanda darini, ukashusha ule mfuko wa ngozi ya mbuzi. Wembe ulikuwepo. Lakini mlipolifungua jiwe mlikuta jiwe la mto, gumu, la mviringo, ambalo halingeweza kunoa hata kijiti. Wazee wakasema pengine marehemu alichanganyikiwa uzeeni akafunga kitu asichokijua. Mkanyolewa kwa wembe wa jirani, butu, mkatoka damu kichwani kama watu waliopita kwenye miiba. Na Mama akakataa kunyolewa. Akasema, "Nywele zangu zitatoka kwa wembe wa mume wangu ulionolewa juu ya jiwe la mume wangu. Jiwe likirudi, nitanyolewa. Lisiporudi, mtanizika nazo." Tangu mavuno yupo ndani, hachani nywele, hashiki jembe, haendi kanisani, na mjane asiponyolewa msiba haujaisha. Nawe ukamalizia kwa kuniuliza, "Lazaro, mvua zinakaribia. Unajua lolote kuhusu jiwe?"

Ndiyo, Dada. Baba hakuchanganyikiwa hata siku moja. Mimi ndiye niliyeliiba.

Mama, samahani. Naomba unisikilize mpaka mwisho ndipo unilaani.

Tabita, unakumbuka jinsi tulivyokaa pale chini ya upenu? Jiwe la kukwaruza lilikuwa nje, la kila mtu, la majembe na mapanga, kuku walilikalia. Lile laini lilikaa ndani. Rangi yake rangi ya ini, urefu wake kiganja na vidole, na ukilipitisha shavuni huhisi kitu ila baridi. Babu alilitoa kwenye mteremko wa kwenda Kamsamba, na wembe aliufua mwenyewe kwa chuma alichokiyeyusha mwenyewe, siku zile ambazo majembe hayakuwa yakitoka dukani. Vitu viwili hivyo havikutumika ovyo. Ni nywele za kwanza za mtoto na nywele za msiba, basi. Hata nguruwe wa sherehe hakuchinjwa kwa kisu kilichonolewa juu ya jiwe hilo.

Baba alipoanza kunifundisha, nilikuwa nasukuma wembe kwa haraka, nataka nimalize nikacheze. Alinishika mkono. "Unasikia nini?" akaniuliza. Nikamwambia nasikia shh, shh, shh. "Basi bado. Endelea." Nikaendelea mpaka bega likauma. "Sasa unasikia nini?" Nikamwambia sisikii kitu. Akacheka. "Hapo ndipo pa kusimama. Jiwe likinyamaza, wembe umeiva." Nawe ulikuwa umekaa kwenye kinu umegeuka, unachagua maharage, unajifanya husikilizi. Nakujua wewe. Siku moja Baba alipokwenda shauri la mpaka wa shamba ulilichukua ukanoa kisu cha jikoni, na kisu kile kilikata nyanya bila kuiminya. Nikakuonea wivu mpaka nikataka kukusemea. Mkono ulikuwa wako, Dada, si wangu. Ila Baba alisema binti ataolewa aondoke na mkono wake, na wembe wa mwenye nyumba hunolewa na mwanawe wa kiume. Nami nilikuwa peke yangu.

Nilipomwambia naondoka kwenda migodini, hakunikataza. Nilitaka anikataze. Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi, maneno yangu yote nimeyapanga. Aliinama tu, akaendelea kupalilia, akasema, "Nenda. Lakini jiwe linabaki." Loo! Niliumia, Tabita. Nikasema moyoni, kumbe anachosikitikia ni jiwe, mimi niende nikafie mbali hana habari. Ujana ni upumbavu mtupu. Mtu mzima alikuwa anamwambia mwanawe, acha kitu nyuma ili uwe na cha kurudia, nami nikasikia tusi.

Jumapili ile ninyi mlipokuwa kwenye mazoezi ya kwaya, nilishuka kijitoni, nikatafuta jiwe la uzito ule ule, nikalifunga kwenye ngozi kwa fundo lile lile la Baba. Jiwe lake nikalitia katikati ya blanketi langu. Kesho yake akanisindikiza mpaka njia panda, akaniombea, akanipa chumvi na karanga. Mgongoni nimebeba mali yake. Nilimtazama usoni na sikuona haya.

Pale Tunduma askari wa mpakani alipekua mizigo yetu kijana kwa kijana. Akalitoa jiwe, akaligeuza, akalinusa. "Hiki nini?"

"Jiwe, afande."

"Naona ni jiwe. Huko unakokwenda hakuna mawe?"

Foleni nzima ikacheka. "Watu wanakwenda kuchimba mawe," akasema, "huyu anawapelekea." Akanirudishia. Nami nikacheka pamoja nao, na mpaka Mpika wenzangu waliniita Mleta Mawe. Laiti angelinyang'anya siku ile. Angelitupa pale njiani, mtu wa kwetu angelitambua, lingerudi nyumbani kwa miguu ya mtu mwaminifu.

Sasa lililonikata zaidi katika barua yako ni lile neno ambalo wewe uliliandika bila kulifikiria. Kwamba tangu niondoke Baba alikataa kuwanolea watu wembe, akisema macho yamemwisha. Macho! Baba ambaye alikaa barazani akaona mdudu kwenye jani la mbuni wa mwisho? Alifungua ngozi, Dada. Alifungua siku ya kwanza alipohitajiwa, akaona. Kisha akafunga tena, kwa fundo lile lile, akarudisha darini. Miaka tisa alilitunza jiwe la uongo ili watu wa Iyula wasiseme kwamba mtoto wake ni mwizi. Akina mama walimletea vichanga vyao, naye akawaambia haoni. Alikubali kuitwa kipofu.

Hapo nilipoandika neno hilo niliweka kalamu chini, nikatoka nje, nikarudi. Endelea kumsomea Mama.

Jiwe huku halikuishi vizuri. Niliwaandikia kwamba nimepandishwa cheo, nimetolewa chini ya ardhi nikapewa kazi bucha, kunoa visu na kukata nyama. Mzungu wa bucha alikuwa na jiwe lake la dukani, jeusi, la chenga kubwa, akilitia mafuta kabla ya kunoa. Mimi nililitia jiwe la Baba maji kama tulivyofundishwa. Wenzangu Wabemba, ambao kwao Ba ni kama Bwana, wakanicheka. "Ba Lazaro, unapika uji?" Maana mnajua lile tope jembamba linalotoka, ambalo Baba alituambia tusilimwage kwa kuwa ndilo linalong'arisha wembe. Nikaona aibu. Nikaona mimi mshamba. Siku moja nikalimiminia mafuta ya bucha, mengi, likanywa yote. Basi likafa. Kisu kikawa kinateleza juu yake kama juu ya sabuni, hakishiki, hakitoi uji, hakuna sauti yoyote, wala si ule unyamavu wa Baba. Nikazidi kulikandamiza kwa visu vikubwa vya mifupa mpaka likaliwa katikati, likabonyea. Nilipoona nimeliharibu nililitupia chini ya kitanda. Likakaa huko na viatu vibovu.

Ulipouliza kama najua lolote, nililivuta pale chini lina buibui. Nikalichemsha kwenye maji ya majivu, Jumapili tatu, mafuta yanatoka juu kidogo kidogo, mazito, yananuka. Simoni akifika kutoka zamu anachungulia sufuria. "Leo mboga ni mawe?" Nilimfukuza. Mafuta yalipokwisha nikaanza kulisawazisha. Kuna ngazi ya saruji pale bombani. Nilimwaga mchanga na maji, nikachora mistari ya mkaa juu ya jiwe, nikalisugua kifudifudi. Ukiligeuza, mkaa uliobaki ndio unaokuonyesha shimo lilipo. Unachora tena, unasugua tena. Wanawake wanaochota maji walidhani nimepata wazimu wa msiba, wakawa wananipisha kwa heshima. Kila mara mkaa ulibaki palepale katikati, kama jicho. Nikasugua mpaka siku mkaa ulipotoka wote kwa pamoja, nikakaa chini pale bombani nikasema, "Baba, tazama."

Nikalijaribu kwa wembe wa Simoni. Maji tu. Uji ukatoka, mweupe kidogo, mwembamba. Ikawa shh, shh, halafu ikanyamaza. Nikaupitisha wembe mkononi na vinyweleo vikaondoka bila mimi kuhisi kitu.

Nikamwambia Simoni aninyoe. Akaniuliza, mbona leo, nywele zako fupi. Nikamwambia tangu Baba afariki wakati wa mavuno sijanyolewa. Simoni akageuza kopo kubwa la mafuta kifudifudi. Akakaa kwenye kopo, mimi nikakaa chini kati ya magoti yake, akaninyoa taratibu, hakuna hata tone la damu. Alipomaliza akanyoosha shingo akasema, "Haya, na mimi ninyoe. Huwezi kuomboleza peke yako kama huna kwenu." Tukakaa pale watu wawili wenye vipara, tukala ugali na dagaa. Hayo ndiyo yalikuwa matanga ya Baba huku.

Mama, jiwe ndilo hilo lililofungwa kwenye shati. Ni jembamba kuliko ulivyolijua, lakini ni lenyewe. Lipapase utalijua.

Sasa, Dada, hapa nyamaza. Mwambie Mama umechoka, au mwambie maandishi yangu mabaya, na hilo ataliamini. Yanayofuata yasome peke yako.

Sikupandishwa cheo. Niliwadanganya. Walinitoa chini kwa sababu nilikuwa naanguka. Vumbi la mwamba linalotoka kwenye mashine za kutobolea limeingia kifuani mwangu na halitoki. Mwanzoni ilikuwa kikohozi, nikasema ni baridi. Halafu nikawa siwezi kupanda ngazi, na tangu mwezi wa sita natema damu. Wameupiga kifua changu picha. Daktari aliniwekea ile picha kwenye mwanga, akanionyesha kwa kidole sehemu zilizokuwa nyeupe, akasema kitu kwa Kiingereza, na mpambe wake akakitafsiri kwa maneno machache kuliko aliyosema yule. Sikuuliza aliyoyaacha. Zile Jumapili za kusugua jiwe, nilisugua mara kumi nikapumzika, nikasugua mara kumi nikapumzika. Ndiyo maana zilikuwa nyingi.

Utauliza kwa nini nisipande lori na Simoni. Nilimuuliza hivyo hivyo. Ni siku nne nyuma ya lori, kwenye vumbi, halafu kutoka barabarani mpaka Iyula ni kwa miguu na ni kupanda. Simoni alinitazama akasema ukweli, kwa mara ya kwanza bila mzaha. "Lazaro, nitakuzika Mpika." Mpika sina mtu. Sitaki kuzikwa kando ya barabara na madereva walio na haraka. Hapa angalau watu wa kwaya wananijua jina.

Na ninajua Mama anataka nini. Kila nikikumbuka maneno yake naona akili yake. Hakusema jiwe litafutwe, wala hakusema limepotea. Alisema likirudi. Kwa hiyo alijua, Tabita. Labda Baba alimwambia, labda aliligundua mwenyewe alipokuwa anafagia darini, na miaka yote hiyo wakalala kitanda kimoja na siri hiyo. Na jiwe halina miguu. Lazima liletwe na mtu. Mama amekaa ndani na nywele zake kunivuta mimi, kwa kamba pekee aliyonayo. Wazee wakamwona mkaidi, nawe ukamwona mkaidi, kumbe mama wa watu anamwita mtoto wake.

Nami namrudishia jiwe. Simoni atakapotokea kwenye kona ya mibuni peke yake, na mzigo begani, Mama ataelewa kabla hujafungua bahasha. Hilo ndilo linaloniuma kuliko kifua. Nilifikiria kulizuia. Nilisema, likae huku, Mama aendelee kungoja, mtu anayengoja ana sababu ya kuamka. Lakini mvua zinakuja, naye hashiki jembe, na nitakuwa nimemwibia Mama kama nilivyomwibia Baba. Kwa hiyo nimelifunga.

Wembe utaunoa wewe. Najua wazee watasema mwana wa kiume yuko wapi. Waambie mwana wa kiume ndiye aliyekuagiza, kwa maandishi, na Simoni ni shahidi. Mtu wa kuushinda mkono wako hayupo Iyula nzima. Lisikilize vizuri hili, ingawa labda unalijua toka siku za maharage. Liloweshe kwanza mpaka liache kutoa mapovu. Maji tu, na mtu yeyote akikuletea mafuta mfukuze. Laza wembe, mgongo wake usiachane na jiwe hata kidogo, makali yatangulie. Ukifika mwisho ugeuze kwa mgongo, usiugeuze kwa makali. Usikandamize. Mimi nilikandamiza maisha yangu yote, na umeona. Uzito wa wembe wenyewe unatosha. Uji ukitoka uache. Utasikia shh, shh. Usimkumbuke mtu yeyote wakati huo, sikiliza tu. Likinyamaza, simama. Kisha upitishe kwenye kiganja mara chache, umwite Mama akae kati ya magoti yako, umwanzie utosini.

Siku hiyo apikiwe ulezi. Na kesho yake mpe jembe.

Msalimie shemeji, mume wako, na umwambie asante kwa kukuruhusu kukaa nyumbani muda wote huu. Baba yetu mdogo wa Iyula juu, aliyenifundisha kuogelea kwa kunisukuma, mwambie bado sijamsamehe na nacheka nikiandika. Mjomba wa Kamsamba akipanda na mchele, mwambieni ampe Simoni kidogo apeleke kwao. Mwalimu wangu wa misheni, aliyenichapa kwa mwandiko huu, mwonyeshe bahasha aone fimbo haikusaidia. Wanao wape mkono mmoja mmoja kwa jina langu, na yule mdogo ambaye sijamwona umbusu utosini.

Dada, nimeisoma tena barua hii toka juu. Nimebadili mawazo. Nilikwambia unyamaze, ufiche. Lakini mimi niliondoka nyumbani na siri mgongoni, Baba akafa na siri darini, Mama amekaa na siri kichwani. Imetosha. Rudi pale nilipokwambia umdanganye Mama kwamba umechoka, umsomee yote, neno kwa neno, hata ile picha ya kifua. Msomee kabla hujamnyoa, asije akakubali wembe bila kujua anakubali nini. Akilia mwache alie. Mwambie nilitaka kuja. Mwambie nilifika kwa mawazo mpaka chini ya upenu, mara nyingi, na kila mara yeye alikuwa wa kwanza kuniona.

Na ukishamnyoa, lioshe jiwe, likaushe kivulini, ulifunge kwenye ngozi pamoja na wembe. Lakini usilipandishe darini, Tabita. Liache chini, mahali pa karibu, kwa maana kabla ya mavuno mengine mtalihitaji tena, na safari hii sitaki mtoke damu.

Ni mimi, mdogo wako,
Lazaro